Mzizi wa Mama na Unga wa Chupa

Jumamosi iliyopita tulikuwa tumeketi kwenye nyasi baada ya kushuka mlima Menengai hapa Nakuru, miguu tumeinyoosha, kila mtu na maji yake, binti mmoja wa kikundi chetu cha kukimbia aliposogea karibu nami. Alifungua mkoba akatoa kichupa cha plastiki, kile cha kuwekea vidonge, kisicho na karatasi yoyote. Ndani mlikuwa na unga wa kahawia.

"Dada, nilienda Kisumu kwa shangazi, nikauziwa hii kule Kondele. Wanasema ni mitishamba ya pumzi. Nianze kuitumia?"

Anajiandaa kwa mbio za kilomita 10, na kwa miezi miwili sasa amekuwa akiachwa nyuma na wasichana aliokuwa akiwashinda. Nilifungua kifuniko nikanusa, moyo ukanidunda, maana unga wa namna ile uliwahi kunipitia mdomoni. Nilimwomba asionje hata kidogo mpaka tuzungumze. Mazungumzo yenyewe yalichukua karibu saa nzima, na wenzetu walioyasikia wakaniomba niyaandike. Haya basi.

Mimi ni mzaliwa wa Shinyalu, pembeni mwa msitu wa Kakamega, na mama yangu aliuza mukombero tangu kabla sijaanza shule. Karo yangu ya sekondari ililipwa na mizizi hiyo, kifungu kimoja kimoja. Kwa hivyo nikizungumzia mitishamba, usinisikie kama mtu wa mjini anayeidharau.

Mzigo ulikuwa ukifika jioni ndani ya gunia, mizizi bado ina udongo mweusi wa msituni. Mama aliimwaga ndani ya karai, akailoweka kidogo, kisha tukaisugua kwa gunzi la mahindi mpaka ngozi yake ya hudhurungi itokeze. Kazi yangu ilikuwa kukata vipande vya urefu wa kiganja na kuvifunga kwa uzi wa mgomba, vitano vitano. Nyumba nzima ilinukia. Ni harufu tamu, karibu na ile ya vanila, na wataalamu wa kemia wanasema kinachonukia humo ni ndugu wa karibu sana wa kile kinachonukia ndani ya vanila. Ukiutafuna unaanza na uchungu, unakwaruza ulimi. Unakula ganda la nje na kuutupa moyo wake mweupe ulio mgumu kama kijiti. Ukishameza, utamu unabaki mdomoni muda mrefu, hata maji unayokunywa baadaye unayaona matamu. Nikifumba macho popote nilipo naweza kuirudia harufu ile na kuziona nyayo za mama zikiwa na tope.

Wachuuzi mnaowaona mjini Nakuru wakipita na vifungu mkononi wanauza jambo moja tu: nguvu. Wanaume wananunua kwa sababu zao. Nilipohamia huku na kuanza kukimbia, wenzangu walipojua kwetu ni Shinyalu waliniagiza mukombero wa mbio. Mmoja aliapa kwamba akiutafuna kabla ya kupanda mlima hahisi miguu. Nikaamua kujipima mwenyewe. Jumamosi sita mfululizo nilikimbia kilomita 5 kwenye barabara ileile ya vumbi kule Kiamunyi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jumamosi tatu nilitafuna mukombero nusu saa kabla ya kuanza, tatu sikutafuna. Daftarini niliandika muda, saa za usingizi, upepo na chakula cha jana yake. Nilipojumlisha na kugawanya, tofauti ilikuwa sekunde 4, na mbio mbovu kuliko zote zilikuwa za siku niliyokuwa nimelala kwa saa 4 tu. Tena kipimo changu kilikuwa na kasoro ambayo sikuweza kuiondoa: mukombero haufichiki. Ukishauweka mdomoni unajua umeula, na ukijua umeula nguvu unakimbia kama mwenye nguvu. Utafiti mwingi uliofanywa juu ya mzizi huu umefanywa kwa panya, tena kwa mambo ya uzazi. Mbio hazimo.

Nilimpigia mama simu nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nani alikuambia ni wa kukimbia, mwanangu? Mimi natafuna nisisinzie sokoni na tumbo litulie." Miaka yote aliyouza, hakuna mteja aliyewahi kumsikia akiahidi zaidi ya hapo.

Naandika hayo ili mjue ninapoanzia. Sasa nieleze mwaka jana.

Mwaka jana mwili wangu uliniacha. Nilikuwa nakimbia kilomita 10 kwa dakika 43 na sekunde kadhaa. Kufikia mwezi wa nne nilikuwa nimeshuka hadi dakika 48, na sikuwa nimepunguza mazoezi hata siku moja. Nikipanda ngazi za ofisini moyo unaenda mbio kama nimetoka kwenye vilima. Usiku miguu haitulii kitandani. Nilikuwa nalilia barafu kwenye friji ya jirani, naitafuna kama karanga, na sikujua kwamba hata hiyo ilikuwa dalili.

Kila mtu alikuwa na dawa. Mwenzangu mmoja wa mazoezi alinipeleka kwenye kibanda cha supu karibu na steji, ile supu ya mifupa inayochemshwa na magome ya miti. Gome lenyewe ni olkiloriti, la mgunga, ambalo Wamaasai wamelitumia vizazi na vizazi ndani ya supu ya nyama yenye mafuta. Supu inatoka nyekundu iliyokolea na inakausha ulimi kabisa, kama umelamba ndizi mbichi. Niliipenda. Nikawa naipitia kila jioni, nakunywa kikombe kizima pamoja na chakula, na nikifika nyumbani naongeza strungi, chai isiyo na maziwa. Wiki sita hivyo, na mbio zikazidi kuzorota.

Hapo ndipo nilipouziwa unga. Muuzaji alikuwa na kipaza sauti na meza iliyojaa vichupa. Alisema ni mchanganyiko wa mizizi 21, asili tupu, hauna kemikali. Shilingi 600. Kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni ndani ya maji ya uvuguvugu.

Siku ya tatu goti langu la kushoto, ambalo lilikuwa likinisumbua tangu Krismasi, lilinyamaza. Siku ya nne nilikimbia kama mtoto aliyetumwa dukani. Nilikula sana, nikaongeza sahani, nikawa na uchangamfu ambao sikuuona mwaka mzima. Usingizi ulipotea lakini sikujali. Nilimtumia mama ujumbe: nimepata dawa. Siku ya nane nilijitazama kwenye kioo nikipiga mswaki nikaona uso umejaa, mashavu yamevimba, na pete yangu haitoki kidoleni hata kwa sabuni.

Kwenye kwaya yetu yuko dada mmoja mfamasia. Nilimwonyesha kichupa Jumapili baada ya ibada. Hakukinusa wala hakukifungua. Aliniuliza, "Umekunywa siku ngapi?" Nikamwambia tisa. Akashusha pumzi. "Namshukuru Mungu si miezi miwili."

Alinieleza tukiwa tumesimama pale nje chini ya mti. Kuna vidonge vya bei nafuu, deksamethasoni na prednisoloni, ambavyo daktari huvitoa kwa pumu, kwa mzio mkali, kwa magonjwa ya viungo. Vinaondoa maumivu na uvimbe upesi sana na vinamfanya mtu ajisikie amezaliwa upya. Muuzaji asiye na utu anavisaga, anavichanganya na majani yoyote, anaviita mitishamba. Mnunuzi anapona goti siku ya tatu na kurudi na majirani. Kisha sukari inapanda, shinikizo la damu linapanda, mifupa inapungua nguvu, uso unakuwa wa duara. Na akishazoea kwa wiki nyingi, mwili wake unaacha kutengeneza homoni yake wenyewe, kwa hiyo hata kuacha ghafla ni hatari. Anaweza kuzimia na kufa. Ndiyo maana aliniuliza siku kabla ya kuuliza kitu kingine. Dalili zangu, alisema, zilikuwa za dawa hizo waziwazi.

Wiki iliyofuata nilikuwa na mbio za barabarani, nimeshalipa ada. Dawa za kundi hilo zikimezwa zimepigwa marufuku wakati wa mashindano. Nilijiondoa, nikakaa nyumbani nikilia, kwa sababu mafunzo tuliyopewa kuhusu dawa za kusisimua misuli nilikuwa nimeyasikiliza kama habari za watu wengine, za wale mabingwa wanaotajwa redioni. Unga ule niliumwaga chooni kwa hasira. Najuta. Ningeupeleka upimwe.

Yule dada hakuniacha hapo. Aliniuliza swali ambalo katika miezi mitano yote, kwenye vibanda vyote, hakuna aliyeniuliza: "Damu umepima?"

Nilipima Jumatatu. Himoglobini, yaani kile kilicho kwenye damu kinachobeba hewa, ilikuwa 9.2. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu wa damu, na sisi tunaoishi juu kama hapa Nakuru, karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, tunahitaji zaidi ya hapo kwa sababu hewa ni nyepesi na mwili unalazimika kuwa na chembe nyekundu nyingi. Ferritini, yaani akiba ya madini ya chuma mwilini, ilikuwa karibu imekwisha. Hakuna mzizi duniani ambao ungenipa pumzi na damu yangu ikiwa hivyo, kwa sababu damu ndiyo inayobeba hewa hadi kwenye msuli.

Sababu zilikuwa zangu za kila siku. Hedhi nzito, ambayo nilikuwa naona aibu kuitaja. Ugali na sukuma siku tano kwa wiki bila nyama. Na hapa nataka msome polepole: ile supu ya magome, na ile strungi. Kinachokausha ulimi kwenye olkiloriti na kwenye majani ya chai kinaitwa tanini. Tanini hushika chuma kilicho kwenye mboga na nafaka tumboni, kikapita bila kufyonzwa. Nilikuwa nakula mboga ili nipate damu, halafu nakunywa juu yake kitu kinachonizuia kuipata, kila jioni, nikiamini najitibu. Supu haina ubaya wa kuzaliwa nao. Mmaasai anayeinywa na nyama ana chuma cha nyama, ambacho hakizuiliki kirahisi namna hiyo. Mimi nilikuwa nainywa juu ya sukuma.

Daktari alinipa vidonge vya chuma, nivimeze na maji ya machungwa, chai ikae mbali na chakula kwa saa moja au zaidi. Choo kikawa cheusi, hilo ni kawaida, msishtuke. Wiki ya nane himoglobini ilifika 11.4, na baada ya miezi minne ya vidonge 12.8. Mwezi wa kumi nilikimbia kilomita 10 kwa dakika 42 na sekunde 51. Tafadhali msikimbilie kununua vidonge hivyo bila kupima, maana chuma kikizidi nacho kinaumiza ini na moyo.

Sasa mtaniuliza: hakuna mmea unaosaidia kweli? Upo, na miwili mnayo jikoni.

Wa kwanza ni chai, au kahawa ukipenda. Kafeini ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo utafiti umekubali kwa miaka mingi kwamba vinaongeza ustahimilivu. Kiasi kinachotajwa ni kati ya miligramu 3 na 6 kwa kila kilo ya uzito wako, karibu saa moja kabla ya mbio. Mimi nina kilo 54, kwa hiyo cha chini kabisa kwangu ni kama miligramu 160, na kikombe cha strungi kina 40 hivi, kutegemea ulivyoikoleza. Kafeini iliwahi kuwa kwenye orodha ya vitu vyenye kikomo michezoni mpaka ilipoondolewa mwaka 2004. Kwa hiyo majani ya Kericho yale yale ambayo hununui kwa mtu mwenye kipaza sauti yana ushahidi mkubwa kuliko vichupa vyote vya mezani kwake. Yanywe kabla ya mbio, tumbo likiwa halina chakula cha kuongeza damu.

Wa pili ni bitiruti. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliwapa wanaume wanane nusu lita ya maji ya bitiruti kila siku kwa siku sita, wakawaendesha baiskeli kwa nguvu mpaka wachoke kabisa. Walidumu kwa asilimia 16 zaidi kuliko walipokunywa maji ya tunda lingine. Kinachofanya kazi ni naitreti, kitu cha asili kilichomo ndani yake. Vijidudu vilivyo juu ya ulimi huigeuza, ikimezwa inasaidia mishipa kupanuka na misuli kutumia hewa kidogo kwa kazi ileile. Ndiyo maana ukisukutua kwa ile dawa ya kuua vijidudu vya kinywa unaharibu kazi yote. Terere, ambayo nyumbani tunaiita tsimboka na Wajaluo wanaiita ododo, nayo ina naitreti nyingi, ila ukiichemsha na kumwaga maji umeimwaga humo. Mimi nasaga bitiruti mbili mbichi za soko la Wakulima, nachuja, nakunywa muda wa saa mbili na nusu kabla ya mbio. Mkojo unaweza kuwa mwekundu. Usidhani ni damu. Lakini niseme ukweli wote: kadiri mwanariadha anavyokuwa wa kiwango cha juu ndivyo faida hiyo inavyopungua, na kwa mabingwa mara nyingi haionekani kabisa. Ni kitu cha sisi wa katikati.

Tangawizi inapunguza kidogo maumivu ya misuli ukiitumia kila siku. Kasi haiongezi.

Kisha kuna mimea ambayo ni halisi kabisa, haijachanganywa na chochote, na bado itakufanya ufungiwe kushindana. Kijana mmoja wetu anaendesha boda usiku na anatafuna muguka ili asisinzie, halafu Jumapili anasimama kwenye mstari wa kuanzia. Nilipomwambia kwamba ndani ya miraa na muguka mna kathinoni na kathini, na kwamba zote mbili zimo kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku siku ya mashindano, alinishangaa. "Lakini ni majani, dada, yanauzwa wazi." Yanauzwa wazi, ndiyo. Kathini ina kikomo cha mikrogramu 5 kwa kila mililita ya mkojo, kathinoni haina hata kikomo: ikionekana hata kidogo ni kosa. Anayepima mkojo haulizi kama ulitafuna sokoni au kichakani. Sheria ya michezo ni kwamba kilichokutwa mwilini mwako ni chako, uwe ulijua au hukujua, na tangu mwaka 2016 tuna shirika letu la kitaifa, ADAK, la kuisimamia hapa Kenya.

Na msidhani kuchanganya ni tabia ya meza za steji peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13, vyenye lebo nzuri na mihuri. Katika 94 walikuta chembechembe za homoni ambazo hazikuandikwa popote kwenye lebo. Kama chupa yenye lebo iko hivyo, je, hii isiyo na jina la mtengenezaji, isiyo na tarehe?

Mzizi wa mama naujua. Naujua umbo, harufu, udongo ulikotoka, hata jina la mzee aliyeuchimba. Siku hizi wazee wanaingia ndani zaidi msituni kuutafuta, maana ukichimba mzizi mmea unakufa, na mama amepanda yake mitano kando ya jiko. Huo ukinipa naweka mdomoni bila wasiwasi, hata kama haunipunguzii sekunde. Unga haunipi hata kimoja cha kutambua. Ukishasagwa, mti ni unga na kidonge ni unga.

Nilimwambia binti yule hayo yote, na kichupa chake akaniachia. Nimekifunga kwenye karatasi, tarehe na mahali nimeandika, na dada mfamasia ameahidi kuniulizia mahali kinapoweza kupimwa. Safari hii hakimwagwi.

Jumatatu nilimsindikiza kupima damu. Nilikuwa na hakika atakutwa kama mimi. Himoglobini ilitoka 13.4, ferritini nzuri, malaria hakuna. Nilibaki nimeishika ile karatasi, sijui nimwambie nini. Tukaketi kwenye benchi la nje nikamuuliza analala saa ngapi. Akanieleza kwamba tangu mwezi wa pili amehamishiwa zamu ya usiku kwenye shamba la maua. Anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anakuja mazoezini moja kwa moja, anafika nyumbani saa nne, na mdogo wake anarudi kutoka shule saa saba kwa chakula. Siku nyingi anapata usingizi wa saa 3.

"Sikudhani hiyo ni ya kusema," akaniambia.

Ameandika barua ya kuomba zamu ya mchana. Mpaka ijibiwe, tumemwondolea mazoezi ya Jumanne na Alhamisi, na mdogo wake anakula kwangu.